Eneo bunge 60B: wanaohesabiwa na wanaopiga kura

Jumanne ya tarehe 9 Agosti 2016, watu wasiofika 6,000 walipiga kura ya mchujo ya kumteua mgombea wa chama cha Democratic katika eneo bunge moja la mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kwa sensa ya 2010, eneo hilo lilipaswa kuwa na wakazi wapatao 39,600. Aliyeshinda alipata kura kama 2,400. Piga hesabu: ni watu sita katika kila mia ya wakazi. Hao sita walitosha kumng'oa Phyllis Kahn, mama aliyekikalia kiti hicho kwa miaka 44.

Jina la mshindi lilifika kila mahali: Ilhan Omar, mbunge wa kwanza mwenye asili ya Kisomali nchini Marekani. Magazeti yalikisimulia kisa kwa sentensi moja tu, kwamba mkimbizi kijana amemshinda mkongwe. Sentensi hiyo si ya uongo. Ila inasimulia watu wawili na kuiacha nje ardhi waliyokuwa wakiigombea, na mimi naona ardhi ndiyo yenye kisa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana hapa Kiswahili kinatutega. Minnesota yenyewe ni jimbo, na sehemu inayomchagua mbunge, kwa Watanzania, nayo ni jimbo. Nikiandika hivyo tutapotezana kabla ya aya ya tano. Basi nitaazima neno la Wakenya, eneo bunge, kwa sehemu ya kumchagua mwakilishi, na Minnesota itabaki jimbo. Na bunge ninalolizungumzia ni la jimbo, linalokaa St. Paul, si Kongresi ya Washington.

Bunge hilo lina maseneta 67. Kila eneo la seneta hukatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande humtoa mwakilishi mmoja katika baraza la chini. Ndiyo maana wawakilishi ni 134. Kwa hiyo 60B ni nusu ya eneo la Seneti namba 60, na hizo nusu mbili ni ndugu wasiofanana. 60A ni Northeast, upande wa viwanda vya zamani, ambako Wapolandi, Waslovakia na Waukraini walijenga makanisa yao na kurithishana nyumba baba kwa mwana. Kari Dziedzic, aliyekuwa seneta wa eneo zima tangu 2012 hadi alipofariki Desemba 2024, alitoka kwenye ukoo wa Kipolandi wa huko huko, na baba yake alikuwa diwani. 60B ni jambo jingine. Humo mna chuo kikuu, mna mto Mississippi unaopita katikati, na mna mtaa wa Cedar-Riverside. Watu wa 60A hukaa. Watu wa 60B hupita.

Kwa mujibu wa sheria, mipaka inatakiwa kuchorwa upya na bunge lenyewe kila baada ya sensa ya miaka kumi. Kwa mazoea, bunge na gavana hushindwa kukubaliana, muda huisha, na kazi huangukia mahakama. Ilikuwa hivyo 2002, ikawa hivyo 2012, ikarudia 2022: jopo la majaji watano linakusanya maoni, linasikiliza vyama, kisha linatoa ramani na kila mtu analazimika kuishi nayo. Ramani ya 2012 ilitoka tarehe 21 Februari, ya 2022 ikatoka tarehe 15. Yako majimbo ya Marekani ambako chama tawala huchora mipaka kama fundi anayeshona kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja. Minnesota haimo katika kundi hilo, na anayetaka kuieleza 60B kwa hila za wachoraji atahangaika bure.

Majaji wanabanwa na hesabu. Wakazi wote wa jimbo hugawanywa kwa 134. Baada ya sensa ya 2010 kila mwakilishi alistahili watu 39,582. Baada ya ile ya 2020, watu 42,586. Kadiri jimbo linavyojaa, ndivyo mipaka inavyosogezwa na namba kubadilishwa. Kiti alichokishinda Phyllis Kahn mwaka 1972 kiliitwa 57A. Baada ya miaka kumi kikawa 58B, kisha 59B kwa miaka ishirini, na mwaka 2012 kikabatizwa 60B. Mbunge alikuwa yule yule, namba ndizo zilizokuwa zikihama.

Sasa tazama hao watu 39,582 ni akina nani. Sensa ya Marekani humhesabu mtu mahali anapolala kwa kawaida kufikia tarehe 1 Aprili. Haimuulizi kama ni raia. Haimuulizi kama ataendelea kulala hapo mwezi Septemba. Mwanafunzi aliyetoka Wisconsin akaingia bweni la Chuo Kikuu cha Minnesota anahesabiwa bwenini. Mtoto wa miaka mitatu kwenye ghorofa ya 20 anahesabiwa, na bibi aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, anahesabiwa pia. Wote watatu wanajaza kibaba cha 60B, na huenda hakuna hata mmoja kati yao atakayeingia kituoni. Maeneo ya vitongoji vya mbali, yenye nyumba za familia na wenye nyumba wa miaka thelathini, yana idadi ile ile ya watu lakini wapiga kura wake ni wengi zaidi. Huwezi kulifahamu eneo bunge hili bila kuutazama mwanya huo kati ya anayehesabiwa na anayechagua.

Mwanya huo haukuletwa na Wasomali, ingawa wapo wanaozungumza kana kwamba Cedar-Riverside ilianza mwaka 1993. Mtaa huu umekuwa mlango wa wageni kwa zaidi ya karne moja. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa wa Waskandinavia: vibarua wa Kiswidi, Kinorwe na Kidenishi waliofanya kazi kwenye viwanda vya mbao na vya unga kando ya mto. Barabara ya Cedar ilipewa jina la utani la Snus Boulevard kwa sababu ya ugoro waliokuwa wakiubwia na kuutema. Wadenishi walijenga ukumbi wao, Dania Hall, mwaka 1886; ulisimama hadi ulipoteketea kwa moto mwaka 2000. Chini ya genge, kwenye ukingo wa mto, palikuwa na vibanda vya Waslovakia na wenzao, mahali palipoitwa Bohemian Flats, na mafuriko ya mto yalikuwa yakiwaingilia ndani.

Wale wakapata pesa, wakahama. Miaka ya 1960 nyumba zao zilizochakaa zikachukuliwa na wanafunzi, wanamuziki na vijana wa nywele ndefu waliopinga vita vya Vietnam. Kisha wakaja waendelezaji wakiwa na ndoto ya kujenga mji ndani ya mji: majengo marefu ya kuwabeba watu 30,000. Msanifu Ralph Rapson alichora, na awamu ya kwanza ikafunguliwa 1973, majengo ya zege yenye vibao vya rangi nyekundu, njano na buluu, refu kupita yote likiwa na ghorofa 39. Nyumba ndani yake ni 1,303. Wakazi wa mtaa, wengi wao wale wale vijana wa nywele ndefu, wakaenda mahakamani kwa hoja za mazingira, na awamu zilizobaki hazikujengwa. Hiyo awamu moja ndiyo inayoitwa Riverside Plaza leo. Iliyotarajiwa kuwa makazi ya watu wa kipato cha kila aina ikaishia kuwa makazi ya aliyehitaji kodi nafuu na basi la karibu.

Na mwenye haja hiyo, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, alikuwa Msomali. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na wakimbizi wakamiminika Kenya. Mashirika ya makanisa ya Minnesota, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yalikuwa na uzoefu wa kuwapokea wakimbizi tangu enzi za Wavietnam na Wahmong wa Laos. Kazi nazo zilikuwepo: mjini Marshall, kusini-magharibi mwa jimbo, kiwanda cha bata mzinga kilikuwa kikitafuta watu wasiohitaji Kiingereza kusimama kwenye mstari wa nyama. Ndugu akamwita ndugu. Wengi walikuwa wamepitia Eastleigh, Mombasa au kambi za kaskazini, kwa hiyo usishangae ukiingia duka la nguo kule Riverside ukajibiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Nairobi. Familia ya Ilhan Omar ilikaa miaka minne kambi ya wakimbizi ya Utange, kule Kisauni, Mombasa, kabla ya kuvuka kwenda Marekani 1995 na kufika Minneapolis 1997.

Lakini kufika si kupiga kura. Mkimbizi hupata kwanza ruhusa ya ukaazi wa kudumu, halafu hungoja miaka ya kutosha kuomba uraia, halafu mtihani, halafu kiapo. Aliyeingia 1996 angeweza kuwa raia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanawe aliyezaliwa pale angetimiza miaka 18 karibu na 2014. Ukiwajua Wasomali wa Minneapolis kwa kalenda hiyo, hutahitaji maelezo mengine ya kwa nini diwani wao wa kwanza, Abdi Warsame, alichaguliwa Novemba 2013 na si 2003. Kalenda ya uraia ilikuwa imeiva.

Nirudi kwa Phyllis Kahn, kwa sababu yeye ndiye fumbo hasa. Mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu ya Yale, alikuwa mmoja wa wanawake sita waliochaguliwa kuingia baraza la chini mwaka 1972, wakati kabla ya hapo baraza lilikuwa na mwanamke mmoja tu. Mwaka 1975 alisukuma sheria ya kuzuia uvutaji sigara maeneo ya umma, jambo ambalo wakati huo lilichekwa. Aliwahi hata kupendekeza watoto wa miaka 12 waruhusiwe kupiga kura. Aliishi Nicollet Island, kisiwa kidogo katikati ya mto ambako nyumba za kale zimesimama kwenye ardhi ya bodi ya bustani za mji. Chama chake ni DFL, Democratic-Farmer-Labor, tawi la Minnesota la Democratic lililozaliwa 1944 kwa kuungana na chama cha wakulima na wafanyakazi. Huko 60B, mwenye tiketi ya DFL amekwisha kushinda. Novemba ni kukamilisha hesabu tu.

Fumbo ni hili: inakuwaje eneo ambalo wakazi wake hubadilika kila baada ya miaka michache limweke mbunge mmoja kwa vipindi 22? Jibu langu ni kwamba halikumweka wote. Wachache waliokaa ndio waliomweka: maprofesa, wenye nyumba wa mitaa ya Southeast Como na Prospect Park, wazee wa chama wanaojuana kwa majina. Mwanafunzi anayepita miaka minne hana sababu ya kumjua mwakilishi wa jimbo. Na tarehe yenyewe inamsaidia aliyekaa. Tangu 2010 mchujo wa Minnesota hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Agosti bweni ni tupu. Kadiri wapitaji walivyo wengi, ndivyo kura ya mkaaji inavyokuwa nzito.

Wasomali walikuwa wapitaji wa kwanza wa Cedar-Riverside, baada ya miongo mingi, kugeuka wakaaji. Walianza na msikiti, wakafuatia maduka, shule, jamaa wote ngazi moja, na ikaja siku wakatazama juu wakauliza kiti kinakaliwa na nani.

Sheria za Minnesota ziliwafaa pia, pengine kuliko za majimbo mengi. Tangu 1974 mtu anaweza kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi. Kama hana karatasi ya anwani, jirani aliyesajiliwa kituo hicho hicho anaweza kuapa kwamba anamfahamu kuwa mkazi, na jirani mmoja anaruhusiwa kuwadhamini hadi watu wanane. Kwa mwenye nyumba sheria hiyo haina maana yoyote. Kwa mpangaji aliyehama mwezi uliopita kutoka ghorofa ya 7 hadi ya 19, ni mlango. Halafu kuanzia 2014 kila mtu akaruhusiwa kupiga kura mapema bila kutoa sababu, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Mwaka huo huo wa 2014 ndipo yalipoanza kuchemka. Mohamud Noor, mjumbe wa bodi ya shule, alijitokeza kumpinga Kahn. Kabla ya mchujo chama huwa na mikutano ya mashina, ambako wanachama hukutana ana kwa ana kuchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaoweza kumwidhinisha mgombea iwapo atafikisha asilimia 60. Jioni ya tarehe 4 Februari, mamia ya watu walijazana kwenye ukumbi wa Brian Coyle Center, Cedar-Riverside, pakawa pa kubanana. Ugomvi ukazuka, polisi wakaitwa, mkutano ukavunjika. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwa Ilhan Omar, wakati huo mfanyakazi wa ofisi ya diwani mmoja wa mji.

Watu wa nje waliuona ugomvi ule kama vita vya wageni dhidi ya wenyeji. Haikuwa hivyo hata kidogo. Diwani Warsame, Msomali, alisimama na Kahn. Noor, Msomali, alikuwa na wafuasi wake. Kulikuwa na kambi mbili ndani ya jumuiya moja, kama ambavyo ungezikuta Garissa au Kisumu au popote ambapo kura zimeanza kuwa na thamani. Agosti Kahn alishinda kwa takriban asilimia 54 dhidi ya 46. Kwa mtu wa vipindi 21, hiyo ni onyo.

2016 wakawa watatu: Kahn, Noor, Omar. Wajuzi walikuwa na hesabu yao tayari: Wasomali wawili watagawana kura za Riverside, mama atapita katikati. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa moja, nalo ni kudhani 60B ina kambi mbili tu, Wasomali na wazee wa chama. Ilisahau kambi kubwa kuliko zote, ile ambayo haikuwahi kuhesabiwa kwa sababu haikuwahi kujitokeza.

Omar aliwaendea wanafunzi. Alikuwa na miaka 33, mama wa watoto watatu, anazungumza Kisomali na wazee wa Cedar na Kiingereza cha Minnesota na vijana wa Dinkytown, kitongoji cha maduka na vyumba vya kupanga mbele ya geti la chuo. Mambo aliyoyabeba yaligusa pande zote mbili za mto: karo, mishahara, polisi. Mwezi Aprili mkutano wa chama ulikwisha bila yeyote kuidhinishwa. Mwezi Agosti yeye akapata asilimia 41, na Noor na Kahn wakaachwa kila mmoja chini kidogo ya 30. Kura za Kisomali ziligawanyika kweli kama ilivyotabiriwa. Tofauti ni kwamba mgombea mmoja alikuwa amepata mahali pengine pa kuchota.

Wako wanaosema Kahn alishindwa kwa sababu ya umri. Sikubaliani kikamilifu. Miaka miwili kabla, akiwa mzee vile vile, alishinda. Kilichobadilika ni idadi ya wapitaji waliojitokeza siku ambayo kwa kawaida hawajitokezi.

Mpinzani wa Republican mwezi Novemba, Abdimalik Askar, naye Msomali, alisitisha kampeni kabla ya siku kufika, na Omar akapata takriban asilimia 80. Alikaa kipindi kimoja tu. Juni 2018 Keith Ellison alitangaza kukiacha kiti chake cha Kongresi ili agombee uanasheria mkuu wa jimbo. Omar akakikimbilia na kukipata, na 60B ikabaki wazi. Safari hii Noor, aliyeshindwa 2014 na 2016, na kabla ya hapo aliyeshindwa mchujo wa Seneti mwishoni mwa 2011 na Kari Dziedzic yule yule, alishinda. Aliapishwa Januari 2019. Katika uchaguzi huo huo wa 2018 Hodan Hassan alichaguliwa eneo la 62A, upande wa kusini wa mji, kwa hiyo kiti cha 60B hakikuwa tena mlango pekee wa Wasomali.

Noor hazungumzwi nje ya Minnesota, na hiyo ni dalili kwamba eneo limetulia. Lakini kuna jambo moja linaloonyesha jinsi muundo wa eneo unavyotunga sheria. Alfajiri ya tarehe 27 Novemba 2019, moto ulizuka ghorofa ya 14 ya Cedar High Apartments, jengo la nyumba za umma la Cedar-Riverside. Watu watano walikufa. Ghorofa za makazi hazikuwa na vinyunyizio vya maji darini, kwa sababu jengo lilijengwa kabla sheria haijavidai. Noor aliubeba muswada, na mwaka 2021 bunge likapitisha sheria ya kulazimisha majengo marefu ya makazi ya umma yafungwe vinyunyizio. Mbunge wa kitongoji cha nyumba zenye ua asingepigiwa simu usiku ule.

Sensa ya 2020 ilikuja katikati ya korona. Mabweni yalifungwa mwezi Machi, wanafunzi wakarudi kwao, na idara ya sensa ikasema wahesabiwe chuoni hata hivyo, kwa kuwa ndiko ambako wangekuwa wanalala kama si ugonjwa. Kwa hiyo ramani ya 2022, yenye watu 42,586 kwa kila kiti, iliisimamisha 60B sehemu yake kwa vichwa vya watu ambao siku ile hawakuwepo hata mjini.

Mikataba mingi ya nyumba za Dinkytown na Como huisha mwishoni mwa Agosti na mipya huanza tarehe 1 Septemba, majuma mawili au matatu baada ya mchujo. Siku hiyo makochi hutupwa kandokando ya barabara, magari ya kukodi yamepangwa mawili mawili, na nusu ya mtaa ina anwani mpya.